Managu Yako, Asante Yako: Vidokezo 9 vya Kushukuru Kutoka Sokoni Hadi Mezani

Mwanariadha akitua Uwanja wa Ndege wa Eldoret na medali shingoni, anajua kinachomsubiri: akina mama wanaimba, wazee wamejipanga, na kuna sotet, kile kibuyu, iliyojaa mursik, maziwa yetu ya mgando. Atapiga funda kabla hata hajaulizwa mbio zilikwendaje. Watu wa huku wakitaka kukuambia asante, wanakupa kitu cha kumeza.

Sasa tuseme jana usiku ulikula ugali. Uliula na nini? Kama unaishi Langas, Kapsoya, Huruma au kule Chepkoilel, kuna uwezekano mkubwa ni managu au saga, au vyote viwili vimekutanishwa kwenye sufuria moja na maziwa kidogo. Mboga hizo zimelisha mabingwa na wasio mabingwa wa Uasin Gishu tangu zamani, wala hakuna aliyewahi kuziendea uwanja wa ndege na nyimbo.

Tuanze leo. Najua huna muda: kuna watoto, kuna kazi, kuna matatu isiyojaa haraka. Vidokezo hivi 9 havihitaji saa ya ziada. Vingi unavifanya ukiwa umesimama jikoni, na shukrani inaingia humo humo.

1. Soma ramani iliyo kwenye sahani yako

Tazama chakula cha jioni vizuri. Mahindi ya ugali asili yake ni Amerika, na yalifika pwani yetu enzi za Wareno. Nyanya nayo ni ya huko huko Amerika. Sukuma wiki na kabichi ni ndugu wa damu, mimea ya jamii moja iliyotoka pwani za Ulaya. Lakini managu na saga? Hao ni wenyeji. Afrika ndiko kwao, na bibi zetu waliyachuma kandokando ya boma na kwenye mashamba yaliyopumzishwa, zamani sana kabla reli haijafika Eldoret mwaka 1924.

Mbinu: maji ya ugali yanapochemka, chagua kitu kimoja tu kilichoko jikoni na umwambie mtoto kimetoka wapi. Kesho kingine. Baada ya wiki moja atakuwa anakufundisha wewe. Na mtu akijua chakula kimesafiri umbali gani kumfikia, hata kukibakiza kunamwia vigumu.

2. Mshukuru mama mboga kwa kazi yake hasa

"Asante" ya haraka huku ukitazama simu haifiki mbali. Mama mboga aliamka kukiwa na giza. Alisimama kwenye baridi ya Julai (na baridi ya Eldoret mwezi wa saba unaijua) akichagua mafungu, kisha akakaa hadi jioni kwenye kibanda akinyunyizia majani maji yasinyauke. Mpe shukrani inayotaja jambo lenyewe: "Mama Brian, yale managu ya juzi yalikuwa laini, watoto walimaliza." Au, "Asante kwa kunichambulia, umeniokolea nusu saa." Kama ni Mkalenjin, *kongoi* inatosha, na *kongoi mising* itamfanya akuongezee majani mawili matatu juu ya fungu.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa mama mboga nasimama upande mwingine kabisa. Msifu! Nimeona mara nyingi kwamba muuzaji anayejua unapenda majani machanga huyaweka kando akikusubiri. Na zile shilingi 10 za mwisho unazotaka kupunguziwa, mwachie. Hiyo pia ni asante, tena inayoweza kuchangia nauli.

3. Waulize wazee, kisha wajue waliookoa mboga hii

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hatujui jinsi tulivyokaribia kuipoteza.

Kwa miaka mingi managu na saga viliitwa magugu. Wakati wa ukoloni, na hata baada ya uhuru, kilimo cha kisasa kilimaanisha kabichi, karoti na sukuma kwenye matuta yaliyonyooka. Kilichojiotea chenyewe kiling'olewa. Mgeni akija, ilikuwa aibu kumwandalia mboga chungu za kienyeji, maana zilihesabiwa kuwa chakula cha asiye na kitu. Watoto wakakua wakijua hivyo, na mbegu zikabaki kwa akina kogo, bibi zetu, peke yao, zimefungwa kwenye vitambaa na kuning'inizwa juu ya meko.

Kisha wakatokea watu waliokataa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alikulia magharibi mwa Kenya, na utotoni mwili wake ulikataa vyakula vitokanavyo na wanyama, kuanzia nyama hadi maziwa. Akalelewa kwa mboga za kienyeji. Alipokuwa mtaalamu wa kilimo cha bustani, alishangaa kuona kwamba mboga zilizomkuza hazina nafasi darasani. Kuanzia miaka ya 1990 akazifanya kazi yake ya maisha: akakusanya mbegu, akapima virutubishi, akafundisha wakulima, kwanza akiwa Chuo Kikuu cha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtuza kwa utafiti wake.

Patrick Maundu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya naye alizunguka nchi akiwauliza wazee wanakula nini na wanaipikaje. Mwaka 1999 yeye na wenzake walitoa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya vyakula vya asili vya Kenya. Na mwaka 2021 UNESCO iliiweka juhudi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili kwenye orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Hebu fikiria: kile kilichong'olewa kama gugu leo kinatajwa Paris, na kwenye rafu za supamaketi mjini kinapangwa karibu na brokoli.

Mbinu: Jumapili hii mpigie simu mzee mmoja wa familia, awe kogo, shosho, kukhu au shangazi. Usiulize habari za kawaida tu. Muulize hivi: "Mlikuwa mkipika mboga gani mvua ikianza, na nani alikuwa akiweka mbegu?" Halafu nyamaza usikilize. Utapata majina ya watu ambao ukoo wenu haujawahi kuwashukuru kwa sauti. Yaandike.

4. Chambueni pamoja, simu zikae mbali

Saga haina haraka. Kila jani lina vidole vitano, bua lina vinyweleo vinavyonata kidogo, na ukimaliza fungu moja, ncha za vidole vyako zinanukia hadi asubuhi. Mtu mmoja akiifanya peke yake ni kazi. Wanne wakizunguka sinia, ni baraza!

Weka sheria moja ndogo: kila mtu, huku mikono ikiendelea, ataje jambo moja jema alilofanyiwa siku hiyo na mtu fulani. Awe kondakta aliyerudisha chenji bila kudaiwa, au mwalimu aliyesubiri mtoto amalize swali. Mikono ikiwa na shughuli, ulimi hulegea. Hata kijana wa kidato cha tatu, ambaye siku hizi anajibu "poa" kwa kila swali, huongea akiwa na bua la saga mkononi.

Na mpe mtoto mdogo kazi ya kutoa punje za kijani kwenye managu. Zile ambazo hazijaiva haziliwi, zitupwe.

5. Pika kama kogo angekuwa amesimama nyuma yako

Asante kubwa kwa mboga ni kutoiharibu. Na mboga hizi huharibiwa kwa njia mbili: kuchemshwa mpaka zifanane na tope, au kupikwa kwa pupa na kubaki chungu hadi watoto wanakimbia meza.

Fanya hivi. Osha kwanza, katakata baadaye, ili uzuri wa majani usiende na maji. Tia maji kidogo tu kwenye sufuria, yachemke, ndipo majani yaingie na chumvi. Managu machanga hayahitaji muda mrefu, saga inataka uvumilivu zaidi. Kama familia yako haijazoea uchungu, changanya na terere au majani ya kunde, ladha inatulia. Vitunguu vikaangwe pembeni, mboga ifuate, kisha maziwa au malai. Moto upunguzwe, mfuniko ukae nusu, na usiondoke. Maziwa yakianza kunywea na kuwa mazito, na mafuta ya malai kung'aa pembeni, onja. Hapo ndipo watu wa nyumba huanza kupita pita jikoni bila sababu.

Siri ya wapishi wa Bonde la Ufa ni kwamba mboga ya maziwa iliyolala huwa tamu kuliko ya leo. Akina kogo walikuwa na chungu chao cha kazi hiyo. Wewe tumia friji, na kesho uichemshe tena vizuri kabla ya kupakua. Yaani ukipika mara moja Jumatatu, Jumanne jioni umeshinda. Na hayo malai si anasa: vitamini A iliyomo kwenye majani ya kijani mwili huipokea vizuri zaidi pakiwa na mafuta kidogo. Akina kogo hawakuwa na maabara, ila walikuwa sawa.

6. Chai isubiri

Hiki ni kifupi. Majani haya yana madini ya chuma, na chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuyachukua. Sogeza kikombe mbele kwa saa moja. Badala yake kamulia ndimu juu ya mboga au ule chungwa, kwa maana vitamini C husaidia chuma kuingia. Ile saa ya kusubiri chai itumie kumwambia aliyepika kwamba amepika.

7. Pata gunia, upate shamba

Huna ploti? Hakuna shida. Gunia moja, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, mawe madogo katikati ya kupitisha maji, na una bustani mlangoni. Toboa pembeni, panda miche ya managu kuzunguka, saga iwe juu inakopata jua. Wakati mzuri ni mvua za Machi na Aprili zinapofungua. Saga hupenda joto, kwa hiyo ukianza katikati ya baridi itakuchelewesha.

Mbegu za saga ni ndogo, usizifukie sana. Funika kwa udongo mwembamba tu na umwagilie kwa upole. Baada ya wiki nne hadi sita utaanza kuchuma. Mbinu inayowapita wengi: kata kilele na maua mapema. Mmea ukinyimwa nafasi ya kutoa maua hutoa matawi, na matawi ni mboga ya mwezi mzima.

Je, hii inahusiana vipi na shukrani? Jaribu kumwagilia gunia wiki tatu, uone vidukari wakivamia, uwaoshe kwa maji, warudi, uwaoshe tena. Kisha nenda sokoni uone fungu moja limepangwa vizuri mezani. Hutauliza tena kwa nini kiangazi cha Januari kimepandisha bei. Utalipa, na utashukuru kwa dhati.

8. Fungu moja livuke mlango

Kuna hadithi ya hapa kwetu ambayo kila mkazi wa Eldoret anastahili kuijua. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mpango wa kutibu watu wenye VVU, unaojulikana leo kama AMPATH. Dawa zilipoanza kupatikana, madaktari wakagundua jambo chungu: mgonjwa anameza vidonge, lakini nyumbani hakuna chakula. Daktari Joe Mamlin, mmoja wa waanzilishi, hakuishia kusikitika. Mpango huo ukaanzisha shamba Mosoriot, kwenye barabara ya kwenda Kapsabet, na mazao yake yakapelekwa kwa wagonjwa pamoja na dawa. Watu waliokuwa hawawezi kusimama wakapata nguvu za kurudi kwenye mashamba yao wenyewe.

Napenda habari hii kwa sababu walioianzisha walikuwa na kila sababu ya kusema kwamba kazi ya hospitali ni dawa, mboga ni shauri la mwenye tumbo. Hawakusema hivyo. Waliona njaa wakalima.

Wewe huhitaji shamba la hospitali. Wiki hii, ukinunua mafungu mawili, moja lipeleke kwa mtu: jirani aliyejifungua, mzee anayeishi peke yake, kijana wa chuo aliyepanga chumba hapo nyuma na anayeishi kwa chai na mkate. Usipige picha. Usiweke kwenye kikundi cha WhatsApp. Sema tu, "Nimepitia sokoni nikakukumbuka," kisha ondoka kabla hajaanza kutafuta cha kukurudishia. Kama mtu huyo hana nguvu ya kupika, peleka iliyopikwa, kwenye bakuli ambalo huhitaji lirudi.

Na wewe ukiletewa, pokea! Wengi wetu tunajua kutoa kuliko kupokea. Tunajibu "Ah, usingejisumbua" mpaka mtu anajuta kuja. Shukrani ya punda ni mateke, na hata maneno ya unyenyekevu yakizidi yanaweza kuuma. Pokea kwa mikono miwili, useme asante moja, na kesho umwambie ilikuwa tamu kiasi gani.

9. Andika mara moja kwa wiki, na uache mche mmoja uzae

Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti kuhusu watu walioandika kila wiki mambo machache wanayoyashukuru. Walilinganishwa na walioandika kero zao, na wenye kushukuru walijiona wakiridhika zaidi na maisha na kuwa na matumaini zaidi kuhusu wiki inayokuja. Kumbuka, ni mara moja kwa wiki. Huna haja ya daftari lenye jalada la maua. Nyuma ya kalenda ya ukutani, ile uliyopewa na duka la dawa, inatosha. Jumapili jioni, mistari mitatu, na kila mstari uwe na jina la mtu. "Nashukuru kwa afya" ni sawa, lakini "Nashukuru dada wa kibanda cha pili, aliniwekea saga nilipochelewa" una uso na mahali, na utajua pa kuupeleka.

Halafu, katika lile gunia lako, acha mche mmoja wenye afya usiuchume tena. Uache utoe maua, maganda yajae. Saga ikianza kuwa ya manjano, kata maganda kabla hayajapasuka yenyewe, maana yakipasuka mbegu zimekwenda. Kwa managu, subiri matunda yaive kabisa, yaminye kwenye maji, yaache siku moja au mbili, kisha osha na kuanika mbegu kivulini. Mbegu za saga zilizotoka tu shambani huwa zimelala, zipe miezi kadhaa zikae pakavu kabla ya kupanda.

Zitie kwenye bahasha ya karatasi. Juu yake andika mwezi, aina, na jina la aliyekupa mche wa kwanza au aliyekuonyesha jinsi ya kuupanda. Machi mvua ikianza na ukafungua bahasha hiyo, mpigie simu kabla hujachimba.